Kipande cha Njaa

Jumanne, 7 Januari 2025
Mtafiti Budeba amekuja tena Nyololo na pikipiki ya serikali. Kijana mpole, kwao Usangu, ofisi yake Mbeya. Amerudia maneno ya mradi: serikali inataka utafiti ufike na huku kwetu, siyo ukae mijini tu. Kila mkulima aliyechaguliwa ana vipande viwili vya shamba la viazi. Kimoja kinapewa mbolea yao, kingine hakipewi kitu, ili walinganishe. Kijiji ambacho udongo wake utaonekana kuhitaji msaada zaidi kitajengewa maabara. Na maabara itataka wasaidizi, watoke humuhumu.

Wasaidizi wanavaa koti jeupe. Nimeuliza kama kidato cha pili kinatosha. Amesema kinatosha. Nimeuliza kama mtu anaweza kuja kazini na mtoto mgongoni. Amecheka, akasema tutaona.

Aroni mwanangu, mama yako atavaa koti jeupe.

Alhamisi, 9 Januari
Shida ni kwamba kipande kisicho na mbolea kiko kando ya barabara. Nakiita kipande cha njaa. Viazi vimekuwa vya njano, vimejikunyata kama vifaranga vilivyonyeshewa. Watu wa kwenda gulioni wanasimama kuangalia. Jirani yangu Devota, naye yuko kwenye mradi, amenisalimia kamwene vizuri kabisa, kisha akauliza: "Mama Aroni, hivyo viazi umeviachisha ziwa mapema?" Wenzake wakacheka mpaka wakashika magoti.

Mama mkwe ameuliza kama naumwa. Amesema zamani mwanamke anayelima hivi alirudishwa kwao akafundishwe upya.

Nani atampa koti jeupe mtu mwenye shamba kama hili?

Jumapili, 12 Januari
Nimemwambia mama mkwe Aroni anakohoa, siendi kanisani. Mungu anisamehe, mtoto mzima kabisa, anacheza na mwiko. Walipoondoka nimebeba samadi ya kuku. Pia mbolea ya mahindi ya mume wangu Anord, aliyoiacha stoo kabla hajarudi Mafinga kwenye kazi ya kupasua mbao. Nimeweka kila shina, nikafukia, nikafuta nyayo.

Wakati wa kurudi nimemkuta Devota ameinama kwenye kipande chake. Amesema anatafuta kuku wake. Mimi nimesema natafuta kiatu cha Aroni. Hatukuulizana zaidi. Ndoo yake ilinuka kama yangu.

Alhamisi, 6 Februari
Kipande cha njaa kimenenepa. Kijani kibichi, majani mapana. Watu wa gulio sasa wanapita bila kusimama.

Budeba amekizunguka, amechuchumaa, ameshika majani. Ameniuliza kama nimeweka kitu chochote. Nimesema mvua ya Mungu tu. Akauliza tena, kwa upole, akiniangalia machoni. Nikajifanya Aroni anataka kunyonya, nikampa mgongo.

Jioni mama mkwe kaniachia paja la kuku. Mambo yanakwenda.

Jumanne, 18 Machi
Tumevuna, tumepima. Cha njaa kimelingana na kilicholishwa. Kwa Devota vilevile. Kwa Mzee Yotamu vilevile, mzee wa kanisa ambaye Jumapili ile, kumbe, naye alikuwa na kikohozi. Nilipomwangalia, yeye akaangalia mizani.

Budeba amepima upya vyote.

Nimefua kitambaa changu cheupe cha kichwani. Kiendane na koti.

Alhamisi, 10 Aprili
Mkutano. Budeba amesoma majibu. Nyololo mbolea haikuleta tofauti yoyote. Udongo wetu hauhitaji msaada. Watu wakapiga makofi, akina mama vigelegele. Mzee Yotamu akasimama kuishukuru serikali kwa kuutambua udongo wetu. Ndipo Budeba akamalizia, bila kuinua kichwa, kwamba maabara inajengwa upande wa Mbeya, kwenye vijiji ambako tofauti imeonekana. Makofi yakafa mkono mmoja mmoja.

Hakuna asiyejua kuwa udongo wetu ni jivu. Tumezaliwa juu yake. Lakini hakuna aliyefungua mdomo. Angeanza nani? Mimi? Budeba akafunga begi, akaaga, akawasha pikipiki. Nadhani alijua. Ila aliyapima yale tuliyompa.

Anord amepiga simu. Mama yake amemwambia mahindi yametoa vigunzi vitupu, anauliza kuna nini. Nimesema huenda ni udongo. Akasema mbona amesikia serikali imeusifu. Nimelia kidogo. Aroni akanifuta pua kwa mkono wenye uji. Koti langu atalivaa mke wa mtu nisiyemjua, na mtoto wake mgongoni.

Kosa ni la Devota. Yeye na wenzake wangetulia, mimi peke yangu ningeharibu nini?

Jumatatu, 14 Aprili
Nesi Veronika ametangaza pale zahanati: wiki ijayo wanakuja watafiti wa lishe kutoka Iringa. Serikali tena. Watapima uzito wa watoto. Kijiji chenye watoto wepesi zaidi kitajengewa kituo cha utafiti, na akina mama wa humuhumu wataajiriwa wasaidizi. Koti jeupe lipo, nimeuliza.

Devota ameshaanza kumpa Yusta wake mayai. Nimeyaona maganda.

Mimi si mjinga. Aroni anakula uji wa karanga asubuhi, parachichi mchana, viazi vya mradi jioni. Siku ya kupimwa nitamvalisha sweta mbili na viatu vile vizito vya baridi. Mtoto mwepesi wakamtafute nyumba nyingine, siyo kwangu.