Yah: Sikio Langu Lililotundikwa Ukutani Kwenu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Jumba la Makumbusho,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuta zako zote. Mimi ni fundi wa majokofu, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na tisa kazini. Huko kwenu mnanijua kwa jina jingine. Nimetundikwa kwenye ukumbi wenu wa pili, mkono wa kushoto, na chini yangu mmeandika: "Mzee wa Mashariki Akizungumza na Roho". Ni hilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Ilikuwa hivi. Mpiga picha wenu aliingia karakana yangu mchana mmoja akiomba maji ya kunywa. Maji tukampa, na kiti tukampa. Mimi nilikuwa nimelaza sikio kwenye jokofu la muuza samaki, nimefumba macho, maana kompresa, ule moyo wa jokofu, ikikaribia kufa hukwaruza kwa sauti ndogo sana, na macho yakiwa wazi masikio huzembea. Akapiga picha. Akauliza ninafanya nini. Nikamjibu, "Nasikiliza kama bado kuna uhai." Hapo nakiri kosa langu. Ningetaja kompresa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sizungumzi na roho. Roho hazina vipuri. Uzee nao naukataa, kwani siku ile nilikuwa na miaka hamsini na mmoja na meno yangu yote. Na hiyo Mashariki ni ya wapi? Nikisimama mlangoni pangu, mashariki kuna kituo cha mafuta.

2. Mwanamke aliye nyuma yangu, mliyemwita "Mke Aliyefunikwa Uso, Asiye na Sauti", alikuwa akipuliza rangi mlango wa friza. Kitambaa kile ni cha kuzuia rangi isimwingie puani. Kuhusu sauti yake, mtaa mzima uko tayari kutoa ushahidi. Nilipomsomea maneno yenu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka. Akasema, "Miaka yote hii naendesha karakana, wao wameona kitambaa." Tangu siku hiyo akipuliza rangi hufunga mlango wa nje kwanza. Hilo, Mheshimiwa, sitakusamehe.

3. Binti yetu anasomea uhandisi katika mji wenu. Darasa lake lilipoletwa ukumbini, alimwambia mwongoza wageni, "Huyu ni baba yangu. Anasikiliza kompresa." Yule bwana akamwekea mkono begani, akamwambia kwa upole, "Ni vizuri kwamba mna namna yenu ya kulieleza." Wenzake wakamtazama kwa huruma. Alitupigia simu akilia, mtoto ambaye hakulia hata alipovunjika mkono.

4. Wageni. Alikuja bibi mmoja mwenye daftari, akakalia kiti cha wateja siku tatu akingoja hekima. Nikamwambia, "Mama, funga mlango wa friza, baridi inatoka." Akaandika. Kesho yake nikamwambia gesi imekwisha. Akatokwa na machozi. Sasa naarifiwa kwamba mnauza vikombe vyenye maneno yangu ya mlango, kwa wino wa dhahabu.

5. Zahanati yetu ina jokofu la chanjo ambalo nimelitunza miaka kumi na moja. Mwaka huu alifika mfadhili kutoka upande wenu, ameshika kitabu chenu cha picha. Akanitambua. Akamwambia muuguzi mkuu, "Tunaheshimu sana imani zenu, lakini chanjo zinataka sayansi." Akaleta mtaalamu kwa ndege. Mtaalamu akatazama kioo cha chombo chake, akasema jokofu ni zima. Siku ya nne likafa. Chanjo za watoto wa mitaa mitano zikatupwa, na akina mama waliokuwa kwenye foleni na watoto mgongoni wakarudishwa nyumbani. Muuguzi mkuu alinifuata mwenyewe, kwa miguu, jasho likimtiririka: "Kaka, njoo." Nikaenda. Nikaweka sikio, nikabadilisha kipuri kimoja, likaunguruma. Mfadhili akashika kifua kwa mshangao, akatoa simu, akanipiga picha.

Kuuliza si ujinga, Mheshimiwa. Ukitaka kumjua mtu, muulize, na akikujibu, msadiki. Mtoto wa chekechea anayaweza hayo. Ninyi mna jengo la ghorofa nne, na limewashinda.

Kwa hiyo naomba maandishi yale yaondolewe, yawekwe haya: "Fundi na Mkewe Kazini". Mkichelewa, mke wangu naye ana kamera. Tayari anayo picha ya mpiga picha wenu, mdomo wazi, akitazama feni yetu ya dari. Tumeitundika juu ya meza ya kazi na kuandika: "Mtu wa Magharibi Akiabudu Upepo. Jina la kabila lake halijulikani. Ni wapole wakipewa maji." Wateja wanauliza nyingine zitakuja lini. Ukumbi hatuna, ila tuna friza mbovu kumi na nne, na kila mlango unatosha picha moja. Ya kwako tumeitengea ile kubwa.

Nisalimie walinzi, wafagiaji, yule mwenye mkono mwepesi wa kuwekea watu begani, na aliyenitundika, maana walau alininyoosha. Mke wangu amesema niandike kwamba yeye hakusalimu mtu.

Wako, mwenye masikio mawili ya kawaida,

Fundi wa Majokofu

Nyongeza: Sipendi mbaki na ukuta mtupu kwa ajili yangu. Ng'ambo ya mto wetu kuna watu ambao ndio hasa mnaowatafuta. Hao wana siri kweli. Hawasemi wanachofikiri, wanawake wao hawana kauli, na kila nyumba ina mzimu wake. Mimi sijavuka, lakini jambo hili kwetu linajulikana tangu enzi za babu. Fundi mwenzangu hapa karakana, mtu mzima mwenye wajukuu, ni wa huko. Nimemuuliza, akasema hakuna hata moja la kweli. Ndivyo walivyo hao. Nimeambatanisha picha yake. Maandishi ya chini mtatunga wenyewe.