Vichwa vya Mbuzi Mbele ya Wakaguzi

Leo nimeaibika, na sikuaibika kidogo. Nimemwaga vichwa vya mbuzi kwenye meza ya maktaba ya chuo kikuu, mbele ya wakaguzi. Vichwa vyenyewe, ndimi nje! Kimoja kikabingirika mpaka mbele ya mama mkaguzi, kikamkenulia meno.

Msiulize bado. Nianze mwanzo, na majina nitayataja yote. Mimi si wa kufunika watu.

Wengi humu kwenye grupu mnanijua, Mama Vero wa mtaa wa Huruma. Mimi si mkutubi. Mkutubi ni Wafula, mwenye tai na digrii. Mimi shule niliiachia darasa la sita. Kazi yangu ni kurudisha vitabu kwenye rafu na kupanguza vumbi, kwa maktaba ya wanafunzi wa udaktari na unesi. Kibarua. Nilianza kibarua Vero akitambaa, na sasa Vero ana mtoto anayetambaa. Lakini wiki hii Wafula aliniambia, "Mama Vero, wakaguzi wakitoka hapa na furaha, napeleka jina lako uajiriwe kabisa." Sikulala kwa furaha. (Mjinga mimi.)

Sasa, maktaba yetu haiazimishi vitabu peke yake. Inaazimisha mifupa ya mtu pia. Ni ya plastiki, lakini ukiiona asubuhi na hujanywa chai, utaomba. Mwanafunzi anaandikiwa mfupa wa paja vile angeandikiwa kitabu, anaupeleka bweni, anausoma, anaurudisha. Juzi mmoja anaitwa Brayo akarudisha seti nzima imelegea, mikono inachomoka, fuvu taya linaning'inia. Eti ilianguka. (Nilipata makombo ya chapati ndani ya fuvu. Kula kwenu, Brayo.)

Wafula akanituma soko la Gikomba kwa fundi wa vyuma, aikaze skrubu na waya upya.

"Na gari la chuo?" nikauliza.

"Lina shughuli."

Shughuli gani? Dereva aliniambia mwenyewe: lilimpeleka mke wa Wafula saluni. Haya. Nikatia mifupa yote kwenye gunia jeupe, nikajitwika.

Fundi amemaliza leo asubuhi, nami nikaenda kuichukua. Mvua ilikuwa imenyesha, na matope ya Gikomba mnayajua. Nikiwa pale nahesabu pa kukanyaga, nikamwona Njoro na mkokoteni wake. Huyu Njoro hubeba vichwa na kwato za mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko, zikiwa zimeshababuliwa manyoya, anawasambazia wauza supu. Mteja wake mmoja, Mama Supu, ana kibanda nyuma ya chuo chetu.

"Mathe, tupa hiyo gunia hapa. Si tunaenda njia moja?"

"Njoro, hii ni mali ya chuo."

"Na hii ni mali ya tumbo. Zitaheshimiana."

Nikatupa. Magunia yote meupe, yote yamefungwa kwa mpira wa tairi. Tulipofika geti la chuo, Njoro akanishushia moja, akaenda zake akipiga mluzi. Nikaliinua. Zito! Nikasema moyoni, huyu fundi amekaza vyuma kweli kweli.

Mtaniuliza, Mama Vero, hukusikia harufu? Sikusikia! Pua yangu ilikufa wakati wa korona. Nililazwa, nikawekewa oksijeni, majirani wa ploti wakaanza kugawana sufuria zangu kwa macho. Mimi nikarudi, pua haikurudi. Kwa hivyo leo napita katikati ya wanafunzi na gunia mgongoni, naona wananipisha huku na huku, wengine wanasimama kabisa. Nikafikiri ni heshima. (Nikapunguza hata mwendo, niheshimiwe vizuri.)

Wakaguzi walikuwa wamekaa kwa meza ndefu. Hawa ndio wa kuamua kama chuo kitaendelea kufundisha manesi. Wafula alikuwa anawamwagia Kiingereza cha puani. Akaniona, akanipungia mkono kama chifu.

"Mama Vero, tuletee mifupa yetu."

Nikafungua. Nikamwaga.

Kwato moja ikateleza, ikagonga sakafu. Mama mkaguzi akavaa miwani.

"Bwana Wafula, hii ni nini?"

Wafula, na digrii yake yote, akasema, "Hiyo ni... ya kulinganisha, madam. Binadamu na wanyama."

"Mbona bado ina macho?"

Huko nyuma Brayo (ndiyo, yule yule!) akaita, "Mathe, na kitunguu iko?" Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

Nikaanza kurudisha vichwa kwa gunia, kimoja kimoja, nikiviambia pole, sijui kwa nini. Hapo simu ikalia. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, spika yake haijui siri. Mtu akinipigia, ploti nzima inasikia. Alikuwa Njoro.

"Mathe! Umenipatia maiti! Mama Supu ametoa kichwa ya mtu mbele ya wateja! Mmoja ametapika, mwingine ameenda kuita polisi!"

Mama mkaguzi akaandika kitu. Akageuza karatasi, akaendelea kuandika.

Fuvu nimeenda kulitoa kwa kibanda mwenyewe, nikieleza askari wawili maana ya plastiki huku umati ukipiga picha. Kurudi, wageni wameshaondoka. Chakula cha mchana hawakugusa. (Kilikuwa pilau ya mbuzi. Aliyeagiza ni Wafula, si mimi.)

Wafula akanivuta kando. "Mama Vero, hilo jambo la kuajiriwa, wacha tulitazame baadaye."

Baadaye gani? Kwa umri wangu, baadaye ndiyo hii!

Sasa nyinyi chekeni, lakini chekeeni kwenu. Njoro, wewe usicheke. Naona umesoma hapa na umenyamaza. Gunia sikushushiwa na malaika, lilishushwa na mkono wako, na mimi ndiye nimeitwa mzembe mbele ya watu waliosoma. Jumatatu asubuhi nataka nikukute kwa mlango wa maktaba, umeoga, umechana nywele, uingie kwa Wafula umwambie kwa mdomo wako, "Huyu mama hana makosa. Ni mimi."

Utakuja ama hutakuja? Jibu hapa hapa, watu wasome.