Wageni Wawili kwa Kila Nyumba

Jumapili, 2 Julai

Dada yangu Dalal anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo. Ukumbi tuliopata hapa Irbid unaingiza watu mia tatu. Baba kaamuru: kila nyumba watu wawili, basi! Nani atawazuia ndugu zetu? Mimi, Muntasir, mtengeneza tovuti pekee katika ukoo. (Binamu yangu Rakan simhesabu. Anahudumia kompyuta za benki. Kazi ya kusinzia.)

Jumatatu, 3 Julai

Ukurasa wa mwaliko tayari. Almasi! Msimbo wote, yale maagizo ya kompyuta, unafanya kazi ndani ya simu ya mgeni mwenyewe. Ukiandika watu watatu, kisanduku kinageuka chekundu na kutikisika papo hapo, hata mtandao ukisuasua. Seva, kompyuta inayokusanya majibu, haisumbuliwi. Inapokea na kuhifadhi tu.

Rakan akauliza seva inakagua nini. Haikagui kitu, nikamjibu, simu imeshakagua. Akasema, "Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni ni mgeni mwenyewe? Hongera, fundi!"

Wivu! Nimemtengenezea kitufe cha kukubali kinachokimbia kila akikigusa. Kakifukuza nusu saa. Mbavu zangu!

Jumatano, 5 Julai

Shangazi Nuzha kaja amefura. Simu yake ni ya zamani, msimbo wangu haiuwezi. Kaona ukurasa mweupe pe! "Mwanangu, nimekubeba mgongoni, leo unanialika kwa karatasi tupu?" Baba akanitazama. Yale macho yake.

Nimetengeneza ukurasa wa pili, mkavu, usio na msimbo. Jina, idadi, tuma. Shangazi kaujaza mbele yangu akitabasamu, kisha kawatumia mashangazi wenzake wote. Mapenzi ya kifamilia! Sikuangalia aliandika ngapi. Adabu.

Jumanne, 11 Julai

Majibu mia na sita. Hesabu yangu inazidisha kila jibu mara mbili, maana nani angezidi wawili? Watu mia mbili na kumi na wawili. Baba kanibusu kipajini. Rakan akanishauri nizisome idadi zenyewe, moja moja. Nikamwambia hiyo ni kazi ya benki.

Alhamisi, 13 Julai

Mabasi. MABASI! Shangazi Nuzha peke yake kaandika arobaini na moja, na arobaini na mmoja wote wamekuja, pamoja na daktari wake wa meno. Kumbe ukurasa mkavu haukumkatalia mtu. Tulipofika mia saba nikaacha kuhesabu, nikajificha nyuma ya spika.

Rakan akanikuta. "Seva yako ina ukarimu kuliko ukoo mzima," akasema, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini Shangazi kavua viatu, kashika usukani. Viti vikatolewa uwanjani. Majirani wakaja na masinia ya mansaf vichwani, wali na nyama ya kondoo. Safu ya wacheza ngoma ya dabke ikatoka mlangoni, ikazunguka jengo, ikarudi kwa mlango wa jikoni. Baba, mwenye goti bovu, ndiye aliyeiongoza! Dalal kacheka hadi wanja ukamtiririka. Kanikumbatia, kasema hata ndotoni hakuona harusi ya namna hii.

Nikamwambia ndivyo nilivyopanga.

Jumapili, 23 Julai

Sifa zimesambaa. Mwalimu Hikmat, mwenye kituo cha masomo ya ziada, kaniomba mtihani wa hesabu wa mtandaoni. Nimeumaliza kwa siku mbili. Simu ya mwanafunzi inasahihisha yenyewe, papo hapo, na majibu sahihi nimeyaficha ndani ya ukurasa uleule ulio kwenye simu yake. Rakan kaupitia, kisha kaomba glasi ya maji.

Leo ndiyo mara ya kwanza kuutumia. Darasa zima, wanafunzi thelathini na wanne, wamepata mia kwa mia!

Huyu Hikmat anafundisha, jamani.