Nirudishieni Uchafu wa Kaseti Yangu

Kinama, barabara ya tisa
9 Septemba

Kwa Bwana Sylvère, Direkta wa Vipindi
Yahusu: Kurudishiwa kuku mmoja, mvua moja na mama mmoja

Bwana Direkta,

Nakusalimu kwa heshima zote, na natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana si ya kusomwa umesimama.

Jina langu ni Rénovat. Hapa Kinama wananiita Tonton Masikio, kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi nilisikia treni asubuhi moja, na nchi yetu haina treni. Ilikuwa ile ya Kigoma. Shule niliiacha darasa la sita. Si kwamba nilishindwa, ila walimu walikuwa hawana tena kitu kipya cha kunipa. Nakuambia haya ili ujue kwamba anayelalamika ni mtu anayejua sauti.

Kila Jumamosi saa kumi jioni redio yenu ina kipindi ambacho msikilizaji anachagua albamu tatu anazozipenda, moja ya rock, moja ya folk na moja ya pop, kisha anatoa maoni yake kwa Dada Ingrid, mtangazaji. Na mimi nilikuja, siku chache kabla ya Jumamosi, kurekodiwa. Kwa upande wa rock nilileta kaseti niliyoirekodi kwa mikono yangu mwaka wa themanini na saba. Jirani yetu Radjabu, kwa jinsi alivyoyaamini masikio yangu, alinikabidhi redio yake mwenyewe. Nikaiweka uani, nikaweka kinasa sauti cha baba mbele yake, nikabonyeza. Waya hatukuwa nao. Kwa hiyo kilichokuwa kwenye redio kiliingia, na kilichokuwa uani nacho kiliingia. Ndivyo tulivyorekodi wote.

Hatua mbili kutoka pale alikuwa amekaa mama yangu, Mama Mathilde, kwenye mkeka, anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu, za kuuza. Basi mama yangu yumo kwenye albamu ile. Anaimba na wale wazungu wenye nywele mpaka mabegani, kutoka wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Wangemsikia, wangeandika jina lake kwenye jalada.

Mama alituacha Septemba ya mwaka jana. Tangu siku hiyo nyumba yetu haipigi muziki, kama desturi inavyotaka, mpaka tutakapomaliza matanga, kuganduka kama tunavyosema hapa, Jumapili tarehe 21. Sauti yake nyingine hatuna. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, na hata hiyo alikuwa anaitumia kuwakatia watu mazungumzo. Nimeutangazia ukoo mzima, kutoka Kinama hadi Uvira, na kanisani pia nimesema, kwamba siku ile muziki ukirudi nyumbani, sauti ya kwanza itakuwa ya Mama. Watu wameshakata tiketi za basi.

Kaseti yenyewe sijaisikiliza zaidi ya miaka thelathini; kinasa sauti kiliharibika zamani, na mwaka huu wote ni msiba. Ndiyo maana niliileta kwenu. Fundi wenu wa mitambo, Trésor, aliipokea kwa mikono miwili, kijana mwenye adabu, akaniambia: «Tonton, iko na uchafu mwingi, nitakusafishia.» Nilidhani anasema vumbi. Nilimshukuru. Hata nilimbariki.

Jumamosi ilipofika nilisimama nje na redio, kwenye ukuta wa Radjabu, ili muziki usiingie nyumba ya msiba. Dada yangu Candide alikaa ndani, kwenye dirisha lililo wazi, ili asiwe anasikiliza lakini asikie. Gitaa likatoka safi kama sahani ya hoteli. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama hakuna. Candide akafunga dirisha. Mpaka leo ninapoandika, anaongea na mimi kupitia kwa mwanawe Loïc, hata kama tumekaa meza moja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemtoa Mama. Hili sitalieleza zaidi, nilishaandika.

2. Mmetoa kuku. Huyo kuku alikuwa anakuja kuiba ndagala, Mama anamfukuza: shii! Na hiyo shii, Bwana Direkta, ndiyo iliyokuwa inaliingiza gitaa kwenye wimbo wa pili. Sasa gitaa linaingia lenyewe, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi.

3. Mmetoa mvua ya wimbo wa nne. Loïc ananiambia kwamba kwenye albamu halisi mvua haikuwepo. Albamu halisi ni ipi? Hao wazungu walirekodi chumbani, mlango umefungwa. Sisi tulirekodi kwenye dunia, juu yetu mabati. Mimi naona wao ndio walioiga, na wakasahau mvua.

4. Mmeongeza nisichokiomba. Wimbo wa sita kwenye kaseti yangu ulikatika katikati kwa sababu upande ulikwisha, na kwa miaka hii yote nimewaambia watu kwamba unakatika pale kwa sababu mwimbaji amezidiwa na huzuni. Nina wanaume wazima waliolia kwa maelezo hayo. Ninyi mkachukua kipande kilichobaki sijui wapi, mkaupiga hadi mwisho, dakika nne zaidi, na kumbe mwimbaji hakuzidiwa na chochote. Anamalizia vizuri tu. Sasa majirani wananiuliza.

5. Sabuni yenu inaharibu na albamu za watu wengine. Nilichagua folk ya mzee wa inanga, ile zeze yetu ya nyuzi nyingi, yule anayenong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Kunong'ona ni nini kama si uchafu wa pumzi? Akipita mikononi mwa Trésor, mzee ataisha, zitabaki nyuzi. Na pop niliyochagua, ya yule msichana aliyepigwa kwenye harusi zote za huko kwenu Rohero mwaka jana, ni nzuri, siwezi kukataa, lakini ilishasafishwa kabla haijatufikia. Nimeisikiliza nyimbo kumi na mbili sijamsikia akivuta pumzi hata mara moja. Nilimwonea huruma. Maoni haya ya folk na pop niliyasema studio, Dada Ingrid akacheka na kuniambia ni vichekesho vizuri. Havikuwa vichekesho.

6. Leo mnatoa kuku na mama. Kesho mtasafisha matangazo ya vifo, mtoe kilio. Keshokutwa mtasafisha misa ya redio, mtoe vikohozi vya wazee wa mbele, na watu watadhani kwamba kanisani hakukuwa na mtu. Mwisho nchi nzima itasikika haina watu, ina magitaa tu.

Najua mtanijibu kwamba kaseti mlinirudishia. Ni kweli, iko ndani ya bahasha yenu, pamoja na fulashi yenye albamu mliyoisafisha. Lakini ya nini? Shati likishafuliwa, uchafu haubaki kwenye shati. Nimebaki na shati. Kaseti hiyo, Bwana Direkta, niliivusha mto Rusizi mwaka tuliokimbia, nikiogelea kwa mkono mmoja, nimeibana kwa meno. Kiboko alinitazama. Nami nikamtazama, mpaka akaona aibu. Halikuingia tone. Halafu ije kufuliwa Rohero, kwenye ofisi yenye mazulia.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu:

Kwanza, uchafu wangu urudishwe wote kabla ya tarehe 21, ukiwa kwenye mpangilio wake: kuku kabla ya gitaa, mvua kwenye wimbo wa nne. Kama mmeshautupa, nionyesheni mlipoutupa, nitaokota mwenyewe.

Pili, Dada Ingrid aseme hewani mara tatu kwamba albamu waliyoipiga ilikuwa pungufu.

Tatu, kama hayo hayawezekani, Trésor aje hapa Kinama na mashine zake turekodi upya. Mkeka upo. Kuku wapo, tena hawa wa sasa ni wezi kuliko yule. Mabati ni yale yale, na mvua itakuja mwezi ujao. Ukuta wa Radjabu umesimama. Nimepiga hesabu ya vyote vinavyotakiwa, nikakuta anayekosekana ni mtu mmoja.

Nakuomba unifikirie kama mtu aliyeahidi.

Wasalimie wote hapo: Dada Ingrid, ambaye sauti yake bado naisifu, katibu wako aliyenipa maji, hata yule mlinzi wa geti aliyenikagua kaseti kana kwamba ni bomu. Trésor usimsalimie mpaka jambo liishe. Halafu msalimie tu, ni mtoto wa watu.

Wako katika kusikia,

Rénovat, anayeitwa Tonton Masikio

N.B. Alhamisi, tarehe 11. Barua hii ilikuwa bado mfukoni, namtafuta mtu wa kuipeleka mjini, Loïc akarudi kutoka Buyenzi na mashine ya kaseti aliyoazima kwa fundi mmoja. Nilimwambia asijisumbue, kaseti imefuliwa. Akaiweka kabla sijamaliza kusema. Nilitaka kuizima, kwa kuwa matanga hayajaisha. Candide akasema, mara ya kwanza ananiambia mimi mwenyewe tangu Jumamosi: «Uyu si muziki, uyu ni Mama. Acha.»

Yumo, Bwana Direkta. Yumo mzima, na kuku, na mvua. Loïc anasema Trésor alifua nakala tu, kaseti hakuigusa.

Lakini haimbi. Kutoka wimbo wa kwanza mpaka pale upande unapokwisha, Mama analalamika. Kwenye wa kwanza anauliza: «Uyu mutu analia nini? Jino inamuuma?» Kwenye wa tatu anauliza yule wa ngoma anavunja nyumba ya nani. Mvua ikianza ananiambia nianue ndagala, na inaonekana sikuzianua. Halafu anasema: «Radjabu iko anarudi. Rudisha redio ya watu kabla akukamate.» Kwa hiyo pale nilipoandika kwamba nilikabidhiwa, weka neno lingine. Na kuhusu Rusizi, Candide amenikumbusha kwamba kaseti aliibeba yeye ndani ya kitenge, kwenye mtumbwi, na mimi nilikuwa nimefumba macho. Kiboko siwezi kumtoa sasa, watu wameshamzoea.

Candide alicheka mpaka akakaa chini. Mwaka mzima sijamsikia akicheka. Tumerudisha nyuma mara nne, lile jino.

Basi malalamiko yangu namba moja hadi sita nayafuta, na Trésor msalimie kwa mikono miwili. Fulashi yenu safi nimeisikiliza tena nje, peke yangu, bila Mama wa kuifunika, kwa masikio yaliyosikia treni ya Kigoma. Albamu ile ni mbaya. Ni makelele tu. Mama aliwahi kusema, mimi ndiye niliyechelewa. Nafasi yangu ya rock mpeni mtu mwingine.

Jumapili tutaipiga mbele ya ukoo wote, mpaka unapotaka kuanza wimbo wa sita, pale Mama anapochoka kabisa na kusema: «We Rénovat, zima iyo kitu.» Zamani hapo nilikaidi, ndiyo maana kuna wimbo wa sita. Safari hii nitazima.