Karata za Hewa na Maziko ya Matemwe

Jumamosi, 4 Machi 2006

Nimeamua. Mwanamume mwenye akili zake anaweza kuwa na kazi, mke, binti na poka, na kila kimoja kikapata haki yake. Wanaoshindwa wanashindwa kwa kukosa mpango. Mimi Suud nina mpango.

Kwanza niweke wazi, hata kama nasoma mwenyewe: sichezi kamari. Hizi ni karata za hewa. Ukishinda unapata vishilingi vya rangi kwenye kioo cha kompyuta, na vishilingi hivyo havinunui hata andazi. Nilimweleza Bahiya hivyo hivyo. Akaniuliza, kama havinunui andazi, zile saa zote katika duka la intaneti nafanya nini. Mke wangu ni mtu mwema lakini hana subira na mambo mapya.

Alkhamisi mchana kuna mashindano makubwa. Watu wa dunia nzima! Ukifika meza ya mwisho unabandikwa kikombe cha dhahabu ubavuni mwa jina lako, kila anayepita anakiona. Msabah anacho. Msabah! Tumecheza karata za wahedusitini baraza moja tangu hatujaota ndevu, yeye kakaa mbele yangu, na kila tuliposhinda ni kwa sababu mimi ndiye niliyemkonyeza. Leo yeye ana kikombe, mimi sina. Haiwezekani.

Wakati wa chakula Bahiya alizungumza habari ya posa ya binti yetu Hind. Wazee wa upande wa kijana wanakuja Ijumaa, kutoka shamba. Alinitajia majina yao wote, na mkubwa wao alimtaja mara mbili ili nimshike. Nilitikisa kichwa kila palipostahili. Nilikuwa nafikiria karata ya ree ya kopa niliyoitupa jana kwa papara.

Jumatatu, 6 Machi

Kikwazo ni ofisi. Mashindano yanaanza baada ya adhuhuri, na saa hizo mimi natakiwa niwe Malindi hapa mjini nikigonga mihuri kwenye karatasi za mizigo ya bandarini.

Nilijaribu jino. Bwana Gharib, mkubwa wangu, akaniambia nifungue kinywa. Nikafungua. Akachungulia kwa utulivu, akasema kwa ruhusa nilizokwisha kuomba za kung'oa meno, alitarajia kukuta ufizi mtupu. Wenzangu wakacheka. Nikarudi kwenye mihuri yangu.

Sikati tamaa. Mchezaji wa kweli hukunja karata mbovu akangoja nyingine.

Jumanne, 7 Machi

Nilipitia duka la intaneti baada ya kazi, mazoezi tu. Nilikuwa na karata za ovyo kabisa lakini niliongeza vishilingi kwa ujasiri mkubwa mpaka Mbrazili mmoja akakimbia. Huo ndio utamu wa poka: unadanganya na hakuna anayekuona uso. Laiti Bwana Gharib angekuwa Brazili.

Msabah alikuwa kompyuta ya pembeni, anakunywa soda kwa kelele. Aliniambia bila kuulizwa kwamba kikombe kinampa mtu heshima. Nilimwazima kalamu tu na sikumshukuru aliporudisha.

Nyumbani Hind alikuwa anapiga pasi kanzu yangu ya Ijumaa, siku tatu kabla. Aliniuliza kama kweli nitakuwepo. Nikamwambia bila shaka. Akasema hataki kitu kingine kwangu, nikae tu sebuleni nipokee wageni kama baba za watu. Moyo ukanilainika. Binti yangu huyu nampenda, na kijana Qais naye anasifiwa. Nilitaka kumwuliza kijana anafanya kazi gani, lakini nikakumbuka sijapanga nitazichezaje karata za awali siku ya Alkhamisi.

Jumatano, 8 Machi

Nimepata! Maziko!

Hakuna mkubwa wa kazi katika kisiwa hiki anayeweza kumzuia mtu kwenda kuzika. Hata mkoloni hakuweza. Nashangaa sikufikiri mapema, nikateseka na meno.

Maiti lazima awe wa mbali, asijulikane na mtu ofisini. Matemwe basi. Huko kaskazini mwisho wa barabara, nani ataniuliza? Jina nalo sikuhangaika. Lilikuja lenyewe, tamu, la kitumbatu hasa: Mzee Mcha Haroub. Nimemfanya rafiki wa marehemu baba yangu. Nimempa na maradhi, pumu, ya muda mrefu.

Nilifanya mazoezi ya huzuni mbele ya kioo. Bahiya aliniuliza kama tumbo linanisokota.

Alkhamisi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Niliingia ofisini kichwa chini. Nikamwambia Bwana Gharib kwamba Mzee Mcha Haroub wa Matemwe hatunaye tena, anazikwa alasiri. Bwana Gharib akavua miwani. Akasema inna lillahi. Mpaka hapo kazi nzuri. Kisha akasimama, akavaa kofia yake, akatangaza kwamba ofisi inafungwa.

Nilisahau. Nimefanya kazi kwa mtu huyu miaka yote na nikasahau! Bwana Gharib hakosi maziko. Huzika watu asiowajua. Akisikia jeneza linapita Darajani huacha chai akalikimbilia apate thawabu za kubeba. Nikamwambia ni mbali sana. Akasema mbali ndiko kwenye thawabu nyingi. Nikamwambia njia mbovu. Akasema ndiyo maana ofisi ina pikapu.

Tukapakiana watu wa ofisi wote. Sokoni Mwanakwerekwe Bwana Gharib akasimamisha gari, akanunua gunia la mchele la kupeleka msibani. Pale niliiba nafasi nikampelekea Msabah ujumbe kwa simu na neno langu la siri, anikalie kwenye mashindano kwa jina langu. Iliniuma. Lakini kiti kitupu kingeniuma zaidi.

Njia nzima Bwana Gharib aliniuliza habari za marehemu. Nilimsifu. Nilimpa ukarimu, sauti nzuri ya kuadhini, wake wawili waliopatana. Tulipofika Matemwe nilikuwa namlilia kwa kweli.

Msiba hakuna. Wanawake wanaanika mwani, watoto wanacheza. Kwenye ukumbi wa nyumba moja alikaa mzee mmoja anakula muhogo wa kuchemsha. Bwana Gharib akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza kwa sauti ya upole, wapi kwenye msiba wa Mzee Mcha Haroub.

Mzee akatafuna kwanza, akameza.

"Mcha Haroub ni mie," akasema. "Na sijaambiwa."

Nikasema haraka kwamba lazima kuna Mcha Haroub mwingine. Mzee akasema Matemwe nzima ni yeye peke yake, lakini kama yupo mwingine na yeye angependa kumjua. Bwana Gharib hakuniangalia mimi, aliliangalia gunia la mchele. Mzee naye akaliangalia. Akasema mchele wa hitima haurudi mjini, upikwe. Akasema pia kwa kuwa tumekuja kumwombea, tumwombee sasa hivi angali anasikia. Tukainua mikono. Bwana Gharib akaomba, marehemu mwenyewe akaitikia amin kwa sauti kubwa kuliko sote. Sauti ya kuadhini kweli anayo.

Wakati wa kula akaniuliza mimi nani. Nikasema Suud, wa Mkunazini, mjini. Akaacha kijiko.

"Suud babaake Hind?"

Nikasema naam.

"Kesho nlikuwa nije kwako," akasema, "kumposea mjukuu wangu Qais."

Nikaweka kijiko chini na mimi.

Habari ilifika Mkunazini kabla ya pikapu. Bahiya hakugomba, na hilo ndilo baya. Alinitilia chai bila kunitazama. Hind alikuja na macho mekundu. Alisema maneno machache tu.

"Baba, ulikuwa na jina moja tu la kulishika."

Naandika wazi: niliona aibu.

Ijumaa, 10 Machi

Asubuhi nilifikiria kuumwa, kisha kusafiri, kisha kumtuma Msabah akae badala yangu. Yote nikayatupa. Nimedhamiria kukaa. Nilifagia mlango wa mbele mwenyewe, nikavaa kanzu aliyoipiga pasi Hind mapema nikakaa sebuleni kama nguzo.

Baada ya alasiri hawakuja. Halwa imefunikwa, kahawa inapoa. Bahiya alipita mara nyingi akichungulia mlango. Nyuma ya pazia nilimsikia Hind akivuta pumzi kila watu walipopita njiani. Nikaahidi mambo mengi kwa Mwenyezi Mungu. Kama binti yangu atakosa mume kwa sababu ya kikombe cha picha, sitajisamehe.

Kisha hodi. Mzee Mcha mbele, wazee wengine nyuma. Walichelewa kwa pancha tu. Nilimbusu mkono kwa nguvu mpaka akaniomba nimrudishie.

Yaliposemwa yote yanayosemwa, Mzee Mcha akasema aliyezuliwa kifo huongezewa umri, kwa hivyo ananishukuru. Watu wakacheka. Yeye hakucheka sana. Akasema jina lake nililisikia nyumbani kwangu, nikalichukua bila kujua ni la nani. Hilo ndilo lililompa wasiwasi, si maziko.

"Mtoto nnayemchukua nataka babaake awe anamjua," akasema. "Waweza kukaa nae kila baada ya alasiri mpaka siku ya harusi, mukazungumza?"

Nikasema naweza. Nikaapa mbele ya wote kwamba sitatia mguu katika duka lile la intaneti mpaka Hind aolewe. Ilisomwa Fatiha. Nyuma ya pazia ukapigwa kigelegele, nami nikalia, na safari hii bila kioo.

Jumapili, 12 Machi

Nimekuwa mtu mpya. Jana nilikaa na Hind baada ya alasiri, na leo pia. Tumezungumza vizuri sana. Kumbe binti yangu anapenda kuchora hina za maua makubwa. Kumbe anaogopa paka. Kumbe, na hili nililipata leo, Qais anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya Matemwe, na pale mapokezi pana kompyuta na intaneti usiku na mchana, wageni hawaigusi kwa kuwa wako baharini.

Msabah amepita kila baraza kueleza kwamba amenifikisha meza ya mwisho. Kikombe kiko ubavuni mwa jina langu na kila mtu Mkunazini anajua si changu. Watoto wananiita bingwa. Hali hii haiwezi kuachwa hivi. Alkhamisi kuna mashindano mengine.

Kiapo nitakitimiza. Sitatia mguu katika duka la intaneti, na mtu asinisingizie. Nimemwambia Bahiya kwamba nataka niwe nakwenda Matemwe mara moja moja kumtazama mkwe wetu mzee, kujenga ujamaa, na nitakuwa nimerudi kukaa na Hind kabla ya jua kuzama. Bahiya macho yakamlengalenga. Akasema atanifungia visheti vya kumpelekea.

Imebaki ruhusa ya Alkhamisi tu. Maziko basi, nimeyaacha kabisa, nimepata funzo. Nitamwambia Bwana Gharib kwamba Mzee Mcha anaumwa. Si kufa, kuumwa tu, pumu. Hatanikatalia. Kwa wagonjwa yule bwana ana huruma sana, sawa na kwa maiti.