Kopo la Pilipili na Seli Shina

Jumatatu, 3 Machi
Imebaki nafasi moja! Kliniki inajaribu tiba ya seli shina: seli changa hudungwa mwilini ili zitulize pua inayosumbuliwa na mzio. Daktari anasema ni jaribio tu, haahidi kitu. Mimi naahidi. Nafasi ni yangu au ya Kinyozi wa ghorofa ya chini, ambaye chafya zake hutikisa vioo. Atakayevimba zaidi kwenye kipimo cha ngozi ya mkono ndiye atakayechukuliwa.

Nikipona nitafungua kitabu cha baba, kitu pekee nilichotoka nacho kwetu. Mke wangu anasema bado kinanukia nyumba ile: moshi, mbao, mafuta ya taa. Mimi nanusa hewa tupu. Miaka sasa.

Jumanne, 4 Machi
Nimelala na paka wa jirani usoni, mzio uchachamae. Wapi! Aliyepiga chafya ni paka.

Jumatano, 5 Machi
Kipimo kesho. Wazo limenishukia: pilipili ya unga! Nitajipaka mkononi, ngozi iumuke. Mke wangu ameuliza, baba, pua iko usoni, mkono umekosa nini? Hajui sayansi.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari akadondosha matone mkononi, akachoma kidogo juu ya kila moja. Vumbi, chavua, manyoya ya paka: yote yakavimba! Nikamkonyeza Kinyozi. Daktari akauliza, taratibu mno, mbona na la mwisho limevimba. Nikajibu bila kusita: hilo ndilo adui yangu mkubwa, tangu utotoni.

Kumbe ni maji matupu. Huwekwa kwa ajili ya watu kama mimi.

Nafasi kapewa Kinyozi. Akanishika bega: pole mzee wangu, usioge.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu amekifungua kitabu, akanisimulia harufu yake ukurasa kwa ukurasa. Nikajifanya natazama dirishani.

Jumatatu, 17 Machi
Kinyozi kadungwa. Chafya kwisha, anadai! Nimewaza vizuri. Seli huzaliana; basi pua yake imejaa tele. Chafya yake moja usoni mwangu, nami nimepona. Kesho naenda kunyolewa ndevu. Tatizo ni moja tu: siku hizi hapigi chafya.

Lakini kopo la pilipili bado liko nusu. Nitampulizia puani, wembe ukiwa shingoni mwangu. Hapo ndipo anapoinama karibu kabisa.