Kulala kwa Niaba ya Mkurugenzi

Idara ya Ustawi wa Watumishi ina furaha kuutangazia umma kwamba maumivu ya mgongo yamekwisha. Hayajapona, yamekwisha kiutawala, yaani yametolewa waraka. Tangu siku ile mtumishi yeyote anayesumbuliwa na kiuno alitakiwa kuacha kulalamika ovyo na kufuata Mwongozo wa Uteuzi wa Godoro Linaloafikiana na Mwili. Mkurugenzi wa Idara aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, akiwa amelala kifudifudi juu ya zulia la ofisi, kwa sababu kukaa kulikuwa kumemshinda.

Na tuseme haki, mwongozo ulikuwa mzuri. Ulisema godoro lisiwe gumu kama meza wala laini hadi limmeze mtu. Bega na nyonga vizame kidogo, uti wa mgongo ubaki umenyooka. Mwenye mwili mzito atafute linalomhimili, mwembamba atafute linalompokea. Mtu asilibonyeze kwa kidole akadhani amelijua. Avue viatu, alale kwa ubavu anaoulalia kwake, atulie kitambo. Na kama kitanda ni cha watu wawili, walale wote wawili. Laiti Mkurugenzi angeweka kalamu chini hapo, idara ingekumbukwa kwa wema. Lakini alikuwa mtu wa cheo, na cheo kilikuwa kinamwasha. Akaongeza kifungu cha mwisho: afisa wa ngazi ya ukurugenzi asionekane amelala mbele ya raia kwa hali yoyote ile, maana raia wakiiona serikali imelala watadhani na wao wameruhusiwa.

Mgongo uliozaa mwongozo ulikuwa wa kwake. Siku aliyopandishwa cheo alijinunulia godoro nene la fahari bila kulilalia, kwa kulitazama tu lilivyong'aa ndani ya nailoni. Halikuchukua muda likafanya bonde katikati, na yeye, mtu wa kitambi cha kuheshimika, ndiye aliyekuwa mkazi wa bonde hilo. Mkewe, mwalimu wa hesabu, alikuwa akilala ukingoni na kuamka ameporomokea kwenye mbavu za mumewe. Mwisho akachukua mto wake akahamia kwenye kochi la sebuleni. Hakugombana. Alitoa sharti moja tu.

"Siku utakayokwenda na mimi dukani, ukavua viatu, ukalala ubavuni kwangu tukachagua pamoja, siku hiyo narudi chumbani. Si kabla."

Mkurugenzi alikuwa amemkumbuka mkewe kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Chumba kilikuwa kikubwa, na hakuwa na wa kumwambia kwamba leo kiuno kimezidi. Alitaka arudi. Lakini kulala dukani, mchana, watu wakitazama? Angevunjaje kifungu ambacho wino wake haujakauka? Basi akafanya alichokuwa akikifanya kila jambo lilipomwia gumu. Akamwita Kaimu.

Kaimu ndiye aliyekuwa msaidizi wake, mwanamume mwembamba, mtaratibu, aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita. Alikuwa amemwakilisha Mkurugenzi misibani, kwenye mahafali na kwenye kikao cha wazazi cha watoto wake mwenyewe Mkurugenzi. Aliwahi kumwakilisha hata kwa daktari wa meno, akarudi na pengo.

Mkurugenzi akamweleza, kutokea pale zuliani, kwamba Jumamosi aende duka la magodoro akalale kwa niaba yake. Kaimu akauliza kama ni pamoja na mama. Akajibiwa kwamba mwongozo uko wazi, ni wote wawili.  Kaimu akauliza avae nini.

"Suti," alisema Mkurugenzi. "Unaniwakilisha mimi."

Mama alikuwa akimsubiri mumewe katikati ya magodoro, Kaimu alipoingia na jalada kwapani, akaamkia, akaeleza kilichomleta.  Mama hakumfokea, maana aliona mtu ametumwa. Akatoka nje, akamwita dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara. Dada akaja na futi yake ya kupimia shingoni.

"Kama yeye amekaimisha, na mimi nakaimisha," alisema mama. "Dada, naomba ulale pale kwa niaba yangu."

"Na huyu wa suti ni nani?"

"Huyu ni mume wangu."

Dada akamkagua Kaimu toka utosini hadi kwenye soksi. "Amepungua," alisema, akavua ndala.

Kazi ikaanza. Muuza magodoro akauliza mheshimiwa hulalia ubavu gani. Kaimu hakujua, wala hakutaka kuiaibisha idara, akasema wa kulia, ambao ulikuwa wake. Wakajaribu hili, wakajaribu lile, wote wawili wamejinyoosha kama mbao dukani kwa seremala, macho darini. Walipofika kwenye godoro moja laini kiasi, dada akamwambia kwamba bitana ya koti lake imefumuka. Kaimu akasema ni kweli, tangu afiwe hajapata wa kumshonea. Mama akaenda kununua mahitaji yake yote, akarudi, akawakuta bado wanaongea. Ripoti iliyomfikia Mkurugenzi ilisema godoro limejaribiwa kwa kina na maafikiano ni makubwa.

Godoro lilipoletwa nyumbani, Mkurugenzi alipanda kwa matumaini na kuzama kwa utaratibu. Makalio yalikwenda chini, kichwa na miguu vikabaki juu, akawa kama mtu aliyekwama kwenye beseni. Lilikuwa godoro la watu wawili wembamba. Asubuhi alitambaa hadi ukutani ndipo akaweza kusimama. Hata hivyo kikaoni alitangaza kwamba zoezi limefanikiwa, akitangaza kutoka chini ya meza alikokuwa amejilaza, na maafisa wakapiga makofi bila kujua watazame wapi.

Mkewe aliendelea kubaki kwenye kochi. Mkurugenzi alipomkumbusha kwamba taratibu zote zimefuatwa na wawakilishi wamelala, mama alikubali. Akasema mwakilishi wake ameridhika kabisa, na huyo ndiye atakayerudi chumbani, kwa mwakilishi wa Mkurugenzi.

Ikawa hivyohivyo. Jioni moja Kaimu alibisha hodi, koti lake likiwa na bitana mpya, ameongozana na dada mkubwa. Walikuja kusema kwamba wanaoana. Mkurugenzi aliwapongeza akiwa amejinyoosha sakafuni sebuleni, mahali pekee palipokuwa bado panamvumilia. Hapo mkewe akamkumbusha jambo ambalo halikuwamo kwenye mwongozo wowote: mume wa dada mkubwa ni mkubwa.

"Mwamkie," alimwambia.

Mkurugenzi akainua macho kutoka sakafuni hadi kwa mtu ambaye yeye alikuwa akimtuma kila mahali. "Shikamoo," alisema.

Kaimu, kwa mazoea, akageuka kutafuta anaipokea kwa niaba ya nani. Hakuona mtu. "Marahaba," alijibu, na sauti ikamkaa vizuri. Godoro wakaondoka nalo kama zawadi ya harusi, kwani liliwafaa toka siku ya kwanza.

Mlango ulipofungwa, Mkurugenzi alianza kucheka. Alijicheka mwenyewe: amemtafutia msaidizi wake mke, godoro na ukubwa, na yeye amebaki na kigae cha sakafuni. Kila akicheka kiuno kilimchoma, na kila kikimchoma alizidi kucheka, mpaka mkewe akachungulia kuona kama kuna usalama.

"Nipeleke dukani," alimwambia. "Mimi mwenyewe."

Walikwenda mchana, na duka lile lina kioo kipana kinachotazama barabara kuu. Mkurugenzi akapiga moyo konde, akavua viatu. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kikasalimia wateja. Muuza magodoro akauliza ubavu. Mkurugenzi akafungua mdomo, akagundua kwamba hajui.

"Wa kushoto," alisema mkewe. "Akilalia wa kulia anakoroma."

Wakajaribu, wakageuka, wakaulizana, wakakataa, wakacheka. Kisha wakafika kwenye moja ambalo bega lilizama kiasi, kiuno kikashikwa, na mgongo, baada ya kelele za muda mrefu, ukanyamaza. Machozi yalimtoka, akasingizia vumbi. Alisikia bega la mkewe likigusa lake. Kabla hajasema neno, usingizi ukampitia, akageukia ubavu wa kulia. Watu wakajaa kiooni, nusu ya idara ikiwamo. Mkewe hakumwamsha. Na yeye alifumba macho.

Kifungu ni kifungu. Kamati ya Nidhamu iliitishwa, na kwa kuwa barua ya mashtaka husainiwa na Mkurugenzi, na Mkurugenzi ndiye mshtakiwa, ilisainiwa na Kaimu kwa niaba yake. Kaimu pia ndiye aliyeongoza kikao. Mshtakiwa alisimama mbele ya meza amenyooka wima, jambo ambalo wajumbe walikuwa hawajaliona kwake kwa miaka.

"Siku ile dukani," aliuliza Kaimu kwa upole, "ulikuwa umelala kwa niaba ya nani?"

Wajumbe wakamwombea kimoyomoyo. Angetaja mkubwa yeyote, jalada lingefungwa palepale.

"Kwa niaba yangu mwenyewe."

"Hakuna aliyekutuma?"

"Hakuna."

Kikao kikaingiwa na baridi. Afisa mwandamizi amefanya jambo yeye mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe, mchana. Akapewa adhabu kali kuliko zote: arudi nyumbani akapumzike mpaka atakapoitwa tena. Akashukuru, akamwamkia Kaimu, akatoka. Koridoni wajumbe walimfuata mmojammoja, kila mmoja ameshika kiuno, wakamuuliza kwa kunong'ona duka lenyewe liko wapi.

Jumamosi iliyofuata duka la magodoro lilifurika makaimu waliovaa suti, wakivua viatu kwa niaba. Mkurugenzi hakuwaona. Alikuwa chumbani kwake, juu ya godoro walilochagua pamoja, jua limeshapanda, mto wa mkewe umerudi mahali pake na mkewe ameulalia. Alikuwa amelala, na hakuna aliyemtuma.